Ufagio wa Mama Zurflüh

Muziki wa marehemu mume wangu nusura ufukuzwe kanisani kwa kosa la ufagio.

Tulieni niwaeleze.

Ueli wangu alitunga muziki wa piano, na mwingine wa watu watatu: piano, fidla na fidla kubwa ile ya kukumbatia kwa magoti. Alipokuwa hai, hapa kwetu Emmental, Uswisi, hakuna aliyempigia hata kofi. Alipokufa, akawa hazina ya taifa. Ndiyo dunia.

Mwaka huu wakataka kumpigia muziki wake kanisani alikozikwa. Nikamshukuru Mungu.

Akaja Profesa Amrein kutoka Zurich.

Kuna utungo ambao katikati yake mpiga piano huacha kupiga, akagonga ubao wa piano, ngo ngo ngo, kisha wote watatu wakaanza upya. Profesa akawaeleza wazee wa kanisa kwamba hapo binadamu anabisha hodi mbinguni, na ndani hamna mtu.

Wazee wakatazamana.

"Mama Tschanz," Mchungaji Lüthi akaniambia kwa upole, "kama marehemu alimkana Mungu, humu hakipigwi kitu."

Ueli, aliyesali hata kabla ya kahawa!

Nikawaambia nilijualo: huo ni ufagio. Tulikaa ghorofani, chini yetu Mama Zurflüh. Kwetu adhuhuri ni saa ya kimya, hata msumari hupigilii. Ueli akijisahau akagusa piano, mpini wa ufagio unagonga sakafu yetu kutoka chini. Ndiyo maana mimi na yule mama tulipishana ngazini bila salamu, kama mapipa.

Profesa akanitazama kwa huruma. "Sanaa haitoki kwenye ufagio, mama."

Nikameza kiburi, nikaenda kumwita Mama Zurflüh mwenyewe.

Siku ya majaribio ya muziki, mbele ya wazee, akaja na mkongojo wake, akaketi mbele. Mpiga piano alipogonga, bibi akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza.

"Ufagio wangu huo. Lakini nani kasema nilikuwa namkataza? Saa ya kimya ndipo nilipomsikia vizuri. Nilikuwa namwambia, rudia."

Na kweli, baada ya ngo ngo ngo muziki unaanza upya. Ueli alijua. Wawili wale walisemezana kupitia sakafu, na mimi mkewe nimesimama juu ya sakafu hiyo hiyo, nakaanga viazi, sina habari.

Wazee wakaruhusu.

Profesa naye hakushindwa. Sasa anafundisha kwamba ngo ngo ngo ni mapenzi ya siri. Mama Zurflüh, na uzee wote ule, kanunua kofia mpya.

Ndugu zangu, ukisikia hodi, muulize anayebisha. Usimuulize profesa.