Kuku Aliyeachwa Madhabahuni

Kwanza tulisikia ko-ko-ko chini ya benchi, katikati ya maombi. Macho yote yalikuwa yamefumbwa. Nilibana kicheko hadi mbavu zikaniuma, maana sauti ile niliijua. Ilikuwa sadaka ya mama.

Tangu Mto Tana ufurike na kuingia mashambani huku kwetu Garsen, mama hakuwa akisemezana na jirani yetu niliyezoea kumwita mama mdogo, rafiki yake wa tangu usichana. Mpaka wao ulikuwa safu ya migomba. Maji yalipopungua, mingine ilikuwa imezolewa, ikatua upande wa mama mdogo, ikashika, ikazaa.

"Migomba yangu haikuhama kwa miguu," mama alisema.

"Basi kaushtaki mto," mwenzake akamjibu, na tangu siku hiyo akaacha kuja kanisani, asisimame bega kwa bega na mama kwenye kwaya. Kwaya ikapooza kama wali usiotiwa nazi.

Jumapili hiyo mchungaji alihubiri juu ya mtu aliyeleta sadaka, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana kinyongo naye: aiache pale pale, akapatane kwanza. Fundisho hilo nimelisikia tangu utoto na sijawahi kuona mtu akiinuka. Tunaitikia amina, tunatoa, tunarudi nyumbani na vinyongo vyetu.

Wakati wa sadaka mama alimbeba kuku hadi mbele, akamlaza chini, miguu imefungwa kwa ukili. Hakurudi kuketi.

"Mchungaji, niangalizie. Msimpige mnada mpaka nirudi."

"Unakwenda wapi, mama? Ibada haijaisha."

"Si umesema mwenyewe? Pale pale."

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikashuka hadi kwa watoto. Ukili ukalegea. Kuku akarukia mimbari, mchungaji akamfuata, Biblia kwapani, na mimi nilikuwa nimepanda juu ya benchi nikicheka na kulia, mwepesi kama unyoya. Mama alijifunga kanga upya, akapita katikati yetu bila kugeuka.

"Na migomba je?" bibi mmoja akamchokoza alipofika mlangoni.

"Ndizi ale," mama akasema. "Mradi arudi kuimba."

Na mlango wa mabati ukajibamiza nyuma yake.