Nilivyomufungia Mama Zawadi Picha ya Mutoto

Naandika mwenyewe, kabla wengine hawajawasimulia: nilitia mukono mahali hapakunihusu, na haya ikanipata mbele ya kwaya nzima, bado nina kitambaa cha misa kichwani.

Binti yangu Feza aliolewa na kijana wa jirani yangu Mama Zawadi, wakaenda kukaa Lubumbashi. Walipopata mutoto, yule kijana akaleta antene ya mutandao, ikafungwa juu ya nyumba yangu (bati langu njo nzuri), na kutoka kisanduku cha ukutani mwangu mutandao unafika mpaka kwa mama yake, ng'ambo ya lupango, ule ua unaotutenga. Vizuri. Lakini kila asubuhi nasikia mutoto anamuchekea Mama Zawadi katika simu mpaka anapata kwikwi, na mimi wakinipigia ananitazama kama muntu wa kodi.

Wivu ukanila. Nikaita Papa Kisimba, fundi aliyefunga vile vitu. Picha inaweza kuzuiwa isifike kule?

"Inawezekana, Mama. Kila kitu kinapitia humu. Naweza kukiambia kisanduku kichungulie: maandiko yapite, picha na sauti zibaki. Lakini ni vibaya. Kazi ya njia ni kupitisha. Maneno ni ya wale wawili, wa huku na wa kule."

"Sikukuita kwa katekisimu." Nikamupa samaki mukebuka mubichi, akafanya.

Asubuhi kadhaa zikapita bila kwikwi, Mama Zawadi akadhani ni mutandao mubaya tu, mpaka ikafika siku ya ubatizo. Kwetu jina la mutoto wa kwanza linatajwa na mama wa baba, kwa kinywa chake, mutoto akisikia. Basi kwaya nzima tukatoka misa, tukajaa kwa Mama Zawadi, mimi mbele na kikwembe kipya, wale wa Lubumbashi wanangoja jina ndipo waingie kanisani, na picha ikakataa. Wakaleta simu ya pili, ya tatu (zote zinakula mutandao wangu, minara ya simu haishiki kwetu), muntu akapanda juu ya kiti, katekista akaweka mukono juu ya simu akaiombea, kweli kabisa.

"Andika tu jina, utume," mumoja akasema.

"Jina halitumwi kama barua!" Mama Zawadi akaanza kulia.

Dada yake akasimama. "Maandiko yanapita, picha hapana? Ni Feza njo amefunga! Muke gani anamuficha mama mukwe mutoto? Arudishwe kwao!"

Binti yangu! Na mimi natengeneza kikwembe changu, jasho linateremuka mpaka kwa viatu.

Papa Kisimba, ambaye anaimba katika kwaya, aliweka soda yake chini, akanijia mbele ya wote.

"Mama Feza, nifungue ao niache?"

Vichwa vyote vikageuka.

"Fungua," nikasema.

"Kumbe ni weye!" dada akapiga makofi.

Fundi akavuka kwangu mpaka kwa kisanduku, picha ikaingia. Mama Zawadi akapanguza macho, hakunitazama hata kidogo, akasema katika simu kwa sauti: "Ataitwa Nyota."

Nyota ni jina langu mimi. Alikuwa amelichagua, ameniwekea siri mwezi muzima.

Sisemi wivu ulikwisha. Hata jana nilisikia ile kwikwi ng'ambo ya lupango, moyo ukaniuma palepale. Lakini kile kisanduku sitakigusa tena, hata vumbi yake anapanguza Papa Kisimba. Njia ipitishe. Mimi najifunza kuchekesha mutoto, na uzee huu.