Mzee wa Chini ya Mfuniko

Juzi nimepata msichana wangu Jepkoech akipanga mawe ya kukalia kwa kashamba ka maua, hapa Kapsoya, na ule mfuniko wa maji chafu uko katikati kabisa.

"Mama, huu nitaufunika na simiti."

Wacha nicheke! Nikiwa mtoto, baba yangu pia alijenga kiti cha mawe penye mfuniko kama huo, nyuma ya nyumba yetu. Udongo ulinuka mvua, na chini ya mfuniko maji ilikuwa inalia gulu-gulu, kama mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, ikitoka kwa kibuyu. Mimi nilijua kuna mzee huko anakunywa. Baba alipoleta mawe, nikakalia mfuniko nikalia.

"Baba, sasa atatokea wapi?"

"Nani?"

"Mzee wa mursik!"

Baba alipanga mawe kuzunguka mfuniko, halafu akaugonga. "Mzee, mlango wako hatujaziba."

Siku hizi najua ilikuwa maji ya kuosha sufuria, na Baba alijua lazima mfuniko ufunguke siku mfereji ukiziba. Nikamwambia Jepkoech asiufunike, azungushe mawe tu. Jana tumekaa hapo na chai, nami nikagonga mfuniko na kiatu, nikamsalimia mzee wangu.