Kigoda cha Baba Nyuma ya Kioo

Makumbusho yetu hapa Kakamega ni vyumba vitano vya gesti ya zamani, walimokuwa wakilala wachimba dhahabu na wanunuzi wa mahindi kutoka Likuyani. Vitanda vya chuma vipo bado, na mabirika, na taa za mafuta. Mimi ndiye ninayewatembeza wageni. Tulipofungua, chumba cha tano kilikuwa kitupu, na kwa kiherehere changu nikamshawishi baba atoe kigoda chake.

Kilikuwa cha miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, naye alikirithi kwa babu. Utotoni ole wako ukikikalia! Baba alikitoa kwa sababu ya kunipenda tu. Tukakiweka ndani ya kabati la kioo, na kadi ya “Tafadhali usiguse” niliiandika mwenyewe.

Mwaka jana miguu ikaanza kumvimba, na hospitali ikamrudisha nyumbani. Akaniita. Ndugu zangu wawili walikuwa wakigombania kipande cha shamba cha kule mtoni, naye alitaka kukigawa kabla hajaondoka.

“Niletee kiti yangu, mama,” aliniambia. “Maneno ya boma sisemangi nikikaa kwa ya plastiki.”

Kwetu neno la mwisho la mzee husemwa akiwa amekalia kigoda chake, na likisemwa hapo halipingwi. Nililijua hilo vizuri. Si ndilo nililokuwa nikiwaeleza wageni kila siku, tena kwa kujidai!

Nikamwendea ofisa anayeshika funguo za makabati. Akafungua rejista, akaweka kidole kwenye sahihi niliyotia siku ya kukikabidhi.

“Dada, hii ina namba. Ni mali ya umma sasa. Andika barua.”

Nikaandika. Barua ikangoja kamati, na kamati haikukaa. Nikaandika nyingine. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini wangu hakungoja hata nizeeke. Kila asubuhi nilipangusa vumbi kwenye kile kioo, kigoda kikiwa karibu na mkono wangu, nami nisiweze kitu. Niliwaza kukivunja kile kioo. Nikawaza karo ya watoto, nikaendelea kupangusa.

Baba alipoona siku zinamwishia, alikubali tuwaite ndugu zangu. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni. Wao wakakaa kwenye benchi, huyu mwisho huu, yule mwisho ule. Baba akashika mikono ya kiti, akafungua mdomo. Tulingoja mpaka kuku akaingia, akazunguka, akatoka.

“Chakula inapoa,” alisema hatimaye. “Endeni mkule.”

Alifariki Jumapili iliyofuata.

Sasa ndugu zangu hawasemezani. Kila mmoja amepanda miwa yake mpaka mtoni, na kila mmoja anaapa kuwa baba alimwahidi yeye. Wananiuliza mimi alitaka kusema nini. Sijui, na hawaniamini. Jambo moja tu wanakubaliana: kwamba aliyemnyamazisha baba ni mimi.