Shahidi Aliyekataa Kuapa

Nakumbuka asubuhi moja ya baraza pale Bungoma, mwanangu, nilipomshika mkono mtu asiyemwamini Mungu nikamsihi aape kwa jina la Mungu. Keti nikueleze, maana juzi uliniuliza asiyeamini ni mtu wa namna gani, na mimi jibu langu lilianzia hapo.

Nilikuwa mjane kijana, mama wa Simiyu na mdogo wake. Mume wangu Wanjala alikwenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu huko Endebess, ugonjwa wa kifua ukamshika, akaletwa nyumbani akafia mikononi mwangu. Matanga yalipoisha, kaka yake mkubwa, Wafula, akataka kunirithi kama ilivyokuwa desturi. Nikakataa kwa adabu. Tangu siku hiyo akaanza kusema kwamba shamba nililolilima pale Mabanga, upande wa mtoni, halikuwa la Wanjala hata kidogo. Ati marehemu baba yao alimwazima tu. Wahenga wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Jembe nilikuwa nalo. Pa kulima ndipo palipokuwa pananiponyoka, na wanangu wangekula wapi?

Aliyekuwapo siku baba yao alipowagawia ardhi, na aliyekuwa bado hai, alikuwa mtu mmoja tu: jirani yetu Khaemba, aliyesaidia kupanda mkonge wa mpakani.

Sasa huyu Khaemba, mwanangu, ndiye ambaye watu walimwita mpagani, ingawa hata mizimu ya wazee hakuiamini. Wengi walidhani vita vya Waingereza kule Burma, alikopigana, ndivyo vilivyomharibu. Yeye alicheka akisema alianza kutilia shaka akiwa bado anachunga ng'ombe, Burma ilimkuta na shaka zake. Lakini penye msiba hukumkosa. Alichimba kaburi na wenzake, na maombi yalipoanza alivua kofia, akasimama kimya mpaka amina. Akina mama walikataza watoto wao kumsogelea, na mtoto akizidiwa usiku walibisha kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na baiskeli ya kumpeleka hospitali.

Basi kesi ikatufikisha mbele ya baraza la wazee. Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Barasa, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa letu. Huenda hujui, lakini kanisa letu halikuruhusu waumini kuapa. Tulifundishwa kwamba neno la mtu litoshe lenyewe. Ukiapa leo ni kama unakiri kwamba siku nyingine huenda ukadanganya. Hata hivyo Biblia iliwekwa mezani kwa ajili ya watu wa makanisa mengine.

Wafula, muumini mwenzetu, akaitwa kwanza. Hakungoja kuulizwa. Aliinyanyua ile Biblia kwa mikono miwili, akaapa kwa Mungu aliye hai, akaongeza na kaburi la babake, ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja. Kisha akasema shamba ni lake.

Akafuata Khaemba. Karani akamsogezea Biblia. Hakuigusa.

"Sitaapa," akasema. "Mimi siamini kwamba Mungu yuko. Nikiapa kwake nitakuwa nimeuanza ushahidi wangu kwa uongo."

Watu wakanung'unika. Wafula akawageukia wazee. "Si mnaona? Mtu haogopi Mungu, ataogopa nini? Ati huyu ndiye shahidi." Mzee mmoja akataka Khaemba atolewe nje. Barasa akasema tupumzike kidogo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamkimbilia Khaemba nikamshika mkono. "Baba, shika tu kitabu. Kama humwamini, si ni maneno matupu kwako? Yatakuumiza wapi?"

"Mama Simiyu," akaniambia polepole, "nikidanganya kwa neno la kwanza ili nikusaidie, la pili utaliamini kwa nini?"

Nikamwambia ana moyo wa jiwe, kwamba angekuwa na Mungu angewahurumia yatima. Akaitazama ile Biblia mezani, kisha akanitazama mimi. Nikajua kwamba na yeye alikuwa anapima atakachonipotezea. Hapo ndipo Mzee Barasa, aliyekuwa amesimama karibu, akaniita kando.

"Binti yangu, wewe wangekuambia uape, ungeapa?"

Nikasema la, kanisa limekataza.

"Basi unamwomba mwenzako afanye lile ambalo wewe umekatazwa. Anakataa lile lile unalolikataa."

Nilikuwa nimekaa kanisani miaka yote ile, na fundisho letu wenyewe nimekuja kulielewa kwa mtu asiyeingia kanisani.

Tuliporudi, Barasa akawaambia wazee kwamba waumini wa kanisa letu huruhusiwa kutoa ushahidi bila kuapa, na akidanganya mmoja wao, hufungwa kama mwingine yeyote. Khaemba naye asikilizwe kwa masharti hayo hayo. Wazee wakabishana, wakakubali. Khaemba akaeleza alivyomwona baba yao akitembea mpakani na wanawe wawili, akimpa Wanjala upande wa mtoni, na jinsi Wafula mwenyewe alivyoshika miche ya mkonge ikipandwa.

Ndipo Barasa akamgeukia shemeji yangu. "Wafula, wewe tumekufundisha kwamba neno lako litoshe. Weka kitabu chini, useme tena."

Wafula akakiweka. Akamtazama Khaemba, akatazama ardhi. "Baba alisema... mimi nilivyoelewa..."

"Elewa vizuri, bana," mtu akasema huko nyuma, watu wakacheka.

Wafula hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Shamba ni la Wanjala." Na baraza likaishia hapo.

Baada ya mavuno nilikwenda kwa Khaemba kumwomba radhi. Alikuwa akipukuchua mahindi na mkewe, akanipa kiti nami nikapukuchua. Nikamuuliza, kama hakuna anayekuona, kinachokuzuia kudanganya ni nini? Akasema, "Wewe unaniona. Na mimi najiona." Akaniambia hana ugomvi na Mungu wangu, wala hataki kuninyang'anya, ametafuta hakuona, na hawezi kusema ameona.

Hakubadilika mpaka alipokufa, mwanangu, na mimi naomba mpaka leo kila asubuhi. Sikuambii imani ni kitu cha kutupa, imenibeba. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwenzako akikuambia haamini, usimkimbie, wala usidhani ameficha kisu. Msikilize, kisha angalia anavyoishi na majirani. Na ukiamini, usiitumie imani kama Wafula alivyotumia kile kitabu, kujificha nyuma yake. Na ukijikuta siku moja huamini, usijifanye kwa ajili ya kumfurahisha mtu, hata mimi. Njoo uniambie. Utanikuta palepale, na chai itakuwa jikoni.

Mungu ninayemwamini akulinde uendako. Neno lako liwe zito kinywani mwako, mlango wako usikose mtu wa kuubisha, na siku ukihitaji shahidi, umpate wa kweli.