Mwaka Niliompa Mwanangu

Ninayesema ni mimi, na anayeandika ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa mwisho. Mimi sikusoma. Penye karatasi huweka dole gumba na kuondoka. Nimemwagiza aandike maneno yangu kama yanavyotoka, asiyapunguze ukali, kwa sababu yanamhusu baba yake na yananihusu mimi, na sisi wawili hatuhitaji kuonewa huruma na mtu.

Kisa chenyewe kilianza Jumamosi asubuhi kwa kinyozi. Kibanda chake kipo njia panda, karibu na uwanja wa shule, hapa Nyanungu. Nje pana benchi wanapokaa vijana wa bodaboda wakisubiri abiria. Nilikuwa nimefunikwa shuka mpaka shingoni, mashine ikinguruma sikioni, upande wa kulia wa kichwa changu umekwisha kunyolewa. Wale wa nje hawakujua nani yumo ndani. Walikuwa wakibishana mpira, nami sikuwasikiliza, kwa kuwa nilidhani ni ule ubishi wao wa kila siku wa zile timu mbili kubwa za Dar es Salaam, ambazo nadhani hata mbuzi wa hapa wanazijua. Kisha nikasikia habari za mguu wa kushoto.

"Mura, usinidanganye," mmoja alisema. "Mimi nilimwona kwa macho yangu. Alimpita beki, akamrudia, akampita tena. Beki akakaa chini kama mtu anayesubiri uji."

"Na leo yuko wapi?"

"Analima mahindi."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi kipaji alikuwa nacho, kichwa hakuwa nacho. Pombe ile."

"Si pombe. Mimi nilisikia ni mwanamke wa Sirari."

"Acheni hizo, alirogwa! Alirogwa mchana kweupe, watu wanaona."

"Hakurogwa wala nini. Alifika Musoma, akaona maghorofa, akaogopa, akapanda gari la kurudi kwa mama."

Walicheka sana. Mwingine, mwenye sauti nzito, akasema kwa masikitiko, "Angekuwa mbali sasa hivi, yule." Wa kwanza akamjibu, "Na huyo ndiye mnayetaka tumkabidhi timu kesho? Atawafundisha vijana nini? Kurudi nyumbani?"

Kinyozi alizima mashine, lakini alikuwa amechelewa. Nilimtazama katika kioo.

"Mzee, ni maneno ya mpira tu," alisema.

"Na wewe kesho, tukimchagua kocha, utamnyooshea nani mkono?"

Alipangusa mashine ambayo haikuwa na uchafu. "Yule wa Genkuru ana cheti cha ukocha, mzee. Mwanao hana karatasi yoyote."

Hilo la karatasi ndilo lililoniinua kitini. Nilijivua shuka, nikamwambia kwamba upande uliobaki ataumalizia baada ya mkutano, nikachukua kofia na fimbo yangu. Nilipotokeza nje wale vijana waliruka kutoka kwenye benchi kana kwamba limeshika moto. "Shikamoo, babu! Shikamoo!" Sikuitikia. Katika maisha yangu shikamoo ambazo sikuziitikia ni chache sana, na wao walilijua hilo. Niliwaacha wamesimama, nikaenda zangu nyumbani na kichwa cha nusu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo wale vijana hawakulijua, na ambalo mimi nililijua muda wote nikalinyamazia.

Sisi Wakurya hatukuzoea kuhesabu umri wa mtu kwa mwaka aliozaliwa. Tunauhesabu kwa saro, yaani msimu aliotahiriwa. Waliotahiriwa msimu mmoja ni saro moja, ni wenzi mpaka kaburini, na ukitaka kujua mtu ana umri gani unauliza saro yake, umemaliza. Kwa kawaida hesabu hiyo haina kasoro kubwa. Kwa mwanangu wa mwisho ilikuwa na kasoro, na aliyeitia kasoro hiyo ni mimi. Mama yake alikuwa mgonjwa, akaomba amwone kijana wake akirudi kutoka kwenye tohara kabla hajafumba macho. Nilikubali. Nikampeleka akiwa na miaka kumi na mmoja, pamoja na vijana waliomzidi miaka minne. Alivumilia kisu bila kupepesa jicho. Mama yake alimpokea kwa vigelegele, akiwa ameshikwa mabega ili asimame, na kabla ya mavuno tukamzika.

Miaka minne baadaye walikuja watu wa timu ya vijana ya mkoani kuchagua wachezaji pale Tarime mjini. Walitaka vijana wasiozidi miaka kumi na saba. Mwanangu alicheza nusu ya mchezo tu, wakamtoa. Nilikasirika, nikidhani wamemkataa, kumbe walikuwa wamekwisha kumchagua na hawakutaka aumizwe. Wakasema alete cheti cha kuzaliwa. Cheti hakikuwapo, kwa sababu alizaliwa nyumbani, juu ya ngozi ya ng'ombe, kama nilivyozaliwa mimi.

Tulikwenda ofisini watu watatu: mimi, mwanangu, na jirani yangu aliyekuja kuwa shahidi. Karani alikuwa mgeni katika wilaya hii, mtu mpole, asiyejua mila zetu. Akaniuliza, "Mzee, kijana huyu alizaliwa mwaka gani?"

Nikamjibu, "Ni saro moja na mtoto wa huyu jirani."

"Yaani ni rika moja?"

"Rika moja kabisa."

Jirani alikuwa na cheti cha mwanawe mfukoni. Akakitoa kwa fahari, karani akaunakili mwaka uliokuwamo, nami nikaweka dole gumba.

Niseme wazi, ili mtu asije akadhani sikujua mwanangu alizaliwa lini. Nilijua vizuri sana. Alizaliwa mwaka ambao viwavi walikula mahindi yote mpaka mabua, tukaenda kwa shemeji zetu ng'ambo ya mpaka kuomba mbegu. Kama karani angeniuliza kulikuwa na nini siku hiyo, ningemweleza hata rangi ya ndama aliyezaliwa wiki ileile. Aliniuliza umri, nami nikampa umri kama ninavyoujua. Hivyo mwanangu aliingia ofisini akiwa na miaka kumi na mitano, akatoka akiwa na kumi na tisa.

Kule Musoma, kwa watu wa timu ya mkoa, walimtazama uso, wakatazama cheti. Uso ulisema kumi na mitano, karatasi ikasema kumi na tisa, karatasi ikashinda. Walimrudisha siku hiyohiyo. Hakuona ghorofa lolote la kumtisha. Mwaka uliofuata alivuka mpaka akacheza na wanaume wazima huko kwa shemeji zetu, mifupa yake bado michanga, wakamvunja goti. Alirudi akashika jembe. Watu walipoanza kutunga habari za pombe na wanawake, hakuwajibu. Nami sikuwajibu. Nilijiambia kwamba maneno ya vijiweni si ya mtu wa umri wangu kuyajibu. Nimwambie mjukuu wangu ukweli: hiyo ilikuwa njia ya heshima ya kujificha.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikusanyika uwanjani kumchagua kocha wa timu ya kata, ambayo ilikuwa ikijiandaa kwenda kucheza na Kenyamonta, kule Serengeti. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alitaja majina mawili: yule wa Genkuru mwenye cheti, na mwanangu. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na goli, mikono yake myeupe kwa majivu, kwa sababu ndiye aliyechora mistari ya uwanja asubuhi kama anavyofanya kila wiki, bila kuombwa wala kushukuriwa. Mmoja wa wale vijana wa bodaboda, mwenye maneno mengi, akaomba nafasi.

"Mwenyekiti, sisi tunampenda huyu kaka," alisema. "Lakini timu si ya kumfariji mtu. Mtu ambaye yeye mwenyewe alishindwa kufika, atamfikisha nani?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Nikasimama, nikavua kofia.

Kicheko kilichofuata sikukijali. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa unang'aa, upande wa pili una mvi zilizosimama wima. Nilisubiri mpaka wakamaliza.

"Mmecheka," niliwaambia. "Jana nilitoka kwa kinyozi nimenyolewa nusu kwa sababu ya midomo yenu. Sasa nisikilizeni." Nikawaeleza yote niliyoyaeleza hapa: kisu, mama yake, karani, jirani, dole gumba. Sikupunguza kitu. Nilipofika kwenye dole gumba nililiinua juu walione.

Yule wa bodaboda hakukubali kushindwa upesi. "Babu, pole. Lakini kipaji cha kweli hakizuiwi na karatasi."

"Jana kinyozi wako aliniambia hawezi kumchagua kwa sababu hana karatasi. Semeni moja. Karatasi inazuia au haizuii?"

Hapo walicheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa cha upande wangu. Kinyozi aliinamisha uso.

"Na hilo neno lenu, mbali," niliendelea. "Angekuwa mbali, angekuwa mbali. Mbali ni wapi? Hao vijana wenu watatu wanaopiga mpira kwa kushoto wamejifunza kwa nani? Mnapima kutoka Dar es Salaam, ndiyo maana kila aliyepo hapa mnamwona amepotea. Mimi napima kutoka hapa nilipo. Kosa la mwaka ule ni langu, nalibeba. Lakini anayesema mwanangu alijipoteza, aje alisemee hapa mbele yangu."

Hakuna aliyekuja. Aliyekuja ni mwanangu mwenyewe, akichechemea kidogo kama inavyomtokea akisimama sana.

"Tata," alisema, "ule mwaka niliuona."

Sikumwelewa.

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya karani. Nilikuwa kidato cha pili, najua kusoma. Niliuona anauandika, nikajua siyo wangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya mgeni, Tata? Nikwambie umekosea, na wewe umekwisha kutamka? Nilikuwa nimekwisha kupita tohara, nimeambiwa sasa mimi ni mwanamume na mwanamume hampingi baba yake mbele ya watu. Aliyeniambia ni wewe."

Nimewakaripia watoto saba na wajukuu ambao sijawahesabu, na karipio langu halijawahi kunirudia. Siku hiyo lilinirudia. Nilijua kwamba sikupoteza mwaka wake kwa ujinga wa kutosoma peke yake. Niliupoteza pia kwa jambo ambalo nilimfundisha vizuri, naye akalishika vizuri kuliko nilivyotazamia. Nikasema tu, "Kweli, ni mimi," kisha nikavaa kofia na kukaa.

Mwenyekiti aliitisha mikono. Yule wa Genkuru alipata mikono mingi, sitasema uongo. Mwanangu alipata mingi zaidi. Kinyozi aliunyoosha wake wa mwisho kabisa, taratibu, akinitazama.

"Mechi moja!" yule wa bodaboda alipaza sauti. "Akifungwa na Kenyamonta tunazungumza upya!"

"Mtazungumza hata akishinda," nilimjibu. "Kazi yenu ni ipi nyingine?"

Nilikwenda moja kwa moja kibandani nikamaliziwa upande wa kushoto. Mwishoni, akinipaka mafuta, kinyozi alisema, "Mzee, tusamehe." Nilimwambia amwombe msamaha mwenye mguu.

Kazi ya kwanza ya kocha mpya haikuwa mazoezi. Vijana wanane wa timu hawakuwa na vyeti, na mwanangu alisema hakuna atakayekanyaga uwanja kabla hajajua mwaka wake mwenyewe. Basi tunazunguka nyumba kwa nyumba, yeye na daftari, mimi na fimbo. Hatuulizi umri. Tunauliza: siku hiyo mvua ilikuwa ipi, ng'ombe gani alizaa, nani alikuwa amekufa, mlikula nini. Mwanangu anaandika, analinganisha, anahesabu. Kijana mwenyewe tunamkalisha katikati, si nyuma, na mwanangu humwambia kwanza, "Ukisikia baba amekosea, sema hapahapa."

Wazee wengine hawapendi. Juzi mmoja, wa makamo yangu, alinikunjia uso. "Unataka mtoto anirudi mbele ya watu? Wewe?"

"Mimi," nilimwambia. "Haya, alizaliwa lini?"

Akasema kwa hasira, "Ni saro moja na mtoto wa ndugu yangu!"

Nikagonga fimbo chini. "Sikuuliza saro."

Mtoto wake akakohoa, akatutazama sote, akasema, "Baba, mama anasema nilizaliwa daraja liliposombwa." Mzee akasema, "Ndiyo. Daraja lilisombwa." Mwanangu akaandika.