Chupa Niliyosingiziwa

Iko Idi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisamehe. Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa Ibra, Omani, nami ndiyo kwanza nimemaliza skuli.

Baba alikuwa ameokota chupa ndogo ya kioo kule Mudhaibi, mvua ilipobomoa kaburi la kale ukingoni mwa wadi, ule mto unaojaa mvua ikinyesha tu. Mtaalamu wa mambo ya kale akaja kuitazama, akatwambia ni kazi ya Warumi. Fundi wao, akatueleza, alichota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya mrija wa chuma, akapuliza huku akiuzungusha mpaka donge likafura. Kisha akaiacha chupa ipoe taratibu kando ya tanuri, maana kioo hakistahimili joto wala baridi ya ghafla. Zile rangi zake za kumeremeta, kama magamba ya samaki, zililetwa na udongo na miaka.

"Msiioshe," alisema yule mtaalamu. "Baada ya Idi nakuja kuichukua."

Shangazi, dada yake baba, tukiishi naye. Yeye ndiye aliyezoea kuwanyunyizia wageni maji ya mawaridi baada ya kahawa, na siku ile wageni wa Samail walikuwa njiani. Akaona chupa ile itapendeza kuliko mrashi wetu. Akaisugua kwa ndimu na jivu, rangi zote zikatoka. Halafu, ati kuondoa uchafu wa kaburini, akaimwagia maji yanayochemka. Ikapasuka ta! Mimi nimesimama mlangoni na sinia ya halwa, naona kila kitu.

Baba alipoingia, shangazi akawahi. "Binti yako huyo! Nilimwambia asiiguse."

"Wallahi si mimi, baba."

"Unaapa uongo siku ya Idi?" akasema baba.

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Shangazi akafa, hajasema. Miaka baadaye baba akalazwa Nizwa, nikawa namuuguza mimi. Nikamwambia tena, polepole, kwamba sikuivunja. Akanitazama kwa huruma.

"Nilishakusamehe zamani, mwanangu. Mbona mpaka leo unasema uongo?"

Wiki ile ile tukamzika.

Basi nakuusia. Kosa lako likimwangukia mwenzio, liseme papo hapo, hata mbele ya wageni. Na ukijaaliwa kuwa mzazi, mtoto akikwambia si mimi, keti umsikilize kabla hujahukumu. Mungu akupe ulimi wa kweli, na asikutenge na umpendaye kabla hajakuamini.